Gemu ya 2020 kwenye mashine ya 2013: kisa cha Cyberpunk 2077

Desemba 17, 2020, wiki moja tu baada ya gemu kutoka, Sony, wenye PlayStation, ilitangaza kuiondoa Cyberpunk 2077 kwenye duka lake la mtandaoni na kumrudishia pesa kila aliyeinunua hapo. Gemu huondolewa madukani kwa kesi ya hakimiliki, au kwa leseni iliyokwisha muda. Hii iliondolewa kwa sababu watu waliolipa pesa zao hawakuweza kuicheza. Na haikutoka kwa studio ya mafichoni. Walioitengeneza ni CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, watu wale wale walioitoa The Witcher 3 mwaka 2015 na kujijengea imani ambayo studio chache sana zimewahi kuipata.

Kila kizazi kipya cha konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu, kinapokuja, swali lile lile hurudi: gemu mpya ziendelee kutengenezewa mashine za zamani au ziachane nazo? Mara nyingi mtu hujibu kwa kuangalia mashine iliyo chini ya televisheni yake. Mwenye ya zamani anasema bila shaka ziendelee, mimi nimelipa kama wewe. Mwenye mpya anasema anarudishwa nyuma. Kisa hiki nimekichagua kwa kuwa hakimridhishi yeyote kati yao. Kinaonyesha mashine ya zamani ikishindwa kweli, na kinaonyesha pia kwamba mashine haikuwa ya kwanza kulaumiwa.

Mashine yenyewe

PlayStation 4 na Xbox One zilitoka Novemba 2013. Prosesa zake zilikuwa za aina ya Jaguar kutoka AMD, viini vinane vya mwendo wa gigahezi 1.6 kwenye PS4 na 1.75 kwenye Xbox One. Jaguar haikubuniwa kuwa prosesa ya nguvu. Ilibuniwa kwa ajili ya kompyuta ndogo zinazobana umeme, na hata mwaka 2013 wapo waliokunja uso walipoiona. Kumbukumbu ilikuwa gigabaiti 8, na sehemu yake ilishikwa na mfumo wa mashine kabla gemu haijapata chochote.

Lakini kiungo kilichoiua Cyberpunk hakikuwa prosesa peke yake. Kilikuwa diski ngumu: sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoruka huku na huko kutafuta data. Diski ya namna hiyo ikiwa na bahati inatoa kati ya megabaiti 50 na 100 kwa sekunde. Data ikiwa imetawanyika, inatoa chini ya hapo. PS5 iliyotoka Novemba 2020 ilikuja na SSD, hifadhi isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 5.5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara hamsini, na bila kichwa cha kuruka.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya jinsi gemu za dunia wazi, zinazokuacha uende utakako, zinavyofanya kazi. Night City, mji wa Cyberpunk, haukai wote kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, hauenei. Unapotembea, gemu inauleta mji kipande kwa kipande kutoka kwenye diski na kuvitupa vipande ulivyoviacha nyuma. Ukitembea kwa miguu, diski inawahi. Ukipanda gari na kukanyaga mafuta, wewe na diski mnashindana, na diski inashindwa. Ndipo wachezaji wa PS4 na Xbox One walipoona majengo yaliyofanana na udongo ambao haujafinyangwa, magari yanayotokea ghafla mbele ya macho, barabara tupu katika mji ulioahidiwa kufurika watu. Fremu, yaani picha zinazounda mwendo kwenye skrini, zilishuka hadi ishirini kwa sekunde na chini yake, na gemu ilijizima yenyewe mara kwa mara na kukurudisha kwenye menyu ya konsoli.

Hapa ndipo mwenye mashine mpya husema: si mnaona? Ngoja kwanza. Mwaka 2018 mashine zile zile zilicheza Red Dead Redemption 2, dunia kubwa na nzuri kiasi kwamba mpaka leo watu huitolea mfano. Mwaka huo huo PS4 ilicheza Marvel's Spider-Man, ambamo unaruka juu ya Manhattan kwa kasi ya kutosha kuiaibisha diski yoyote. Walifanyaje? Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4 na PS5, alilieleza hilo Machi 2020 alipokuwa akiitambulisha PS5: kuna vipande vya data katika gemu hiyo ya Spider-Man vilivyonakiliwa mara 400 kwenye diski, ili kichwa cha kusomea kikifika mtaa wowote kivikute hapo hapo bila kwenda kuvitafuta mbali. Mtu aliyekubali kuandika kitu kimoja mara 400 ni mtu aliyeijua diski yake tangu siku ya kwanza, akaujenga mji wake kuifuata.

CD Projekt walianzia upande wa pili. Januari 2021 mwanzilishi mwenza wa kampuni, Marcin Iwiński, alitokea kwenye video na kueleza kwamba walitaka gemu ipendeze kabisa kwenye PC, yaani kompyuta, kwanza, kisha wairekebishe iingie kwenye konsoli, hasa zile za zamani, na kwamba kazi hiyo waliidharau. Alitaja hasa mfumo wa kuleta data kutoka kwenye diski, uliolazimika kuboreshwa bila kukoma. Ni kama fundi aliyeshona koti la pande la mtu, kisha akaanza kulipunguza ili limtoshe kijana wa darasa la nne. Mikono utaikunja, pindo utalipandisha, lakini mabega yatabaki pale pale. Mabega ya Cyberpunk yalikuwa msongamano wa mji wake na kasi ya magari yake.

Deni lilipoanza

Gemu ilitangazwa Mei 2012. Wakati huo PS4 yenyewe ilikuwa haijatangazwa. Trela ya kwanza ilitoka Januari 2013, halafu ukimya wa miaka. Juni 2019, kwenye maonyesho ya gemu ya E3, mwigizaji Keanu Reeves alipanda jukwaani, ukumbi ukalipuka, na tarehe ikatajwa: Aprili 16, 2020, kwa PC, PS4 na Xbox One. Oda za mapema zilifunguliwa.

Naiona siku hiyo kuwa ndiyo siku ya kisa hiki, kuliko siku gemu ilipotoka. Kabla yake, kuiacha au kutoiacha konsoli ya zamani lilikuwa suala la uhandisi: wahandisi wangekaa, wangepima, wangeamua. Baada yake kulikuwa na watu waliokwisha kulipa. Mwaka 2020 ukapambwa zaidi: ilitoka Xbox One X ya toleo maalumu, yenye rangi na nembo za Cyberpunk 2077. Yaani mtu aliuziwa konsoli ya kizazi kinachoondoka kwa jina la gemu ambayo hajaiona ikicheza juu ya mashine yoyote ya kizazi hicho. (Haki isemwe: One X ilikuwa na nguvu kuliko Xbox One ya kawaida, na haikuumia kama wenzake. Lakini hoja haibadiliki.)

Kisha tarehe zikaanza kuteleza. Aprili ikawa Septemba 17. Septemba ikawa Novemba 19. Oktoba mwanzoni walitangaza kwamba gemu imekamilika na iko tayari kuchapwa kwenye diski. Wiki tatu baadaye wakaahirisha tena hadi Desemba 10. Sababu waliyoitoa safari hiyo ingetosha kumwamsha mtu: walikuwa na matoleo tisa ya kuyaandaa kwa pamoja, kuanzia PC na Stadia (huduma ya Google ya kucheza gemu kupitia mtandao) hadi konsoli za zamani, zile zilizoongezwa nguvu katikati ya kizazi, na mpya zilizokuwa zikiingia sokoni mwezi uliofuata.

Na sasa lile linalosahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa. Desemba 2020 hakukuwa na toleo la PS5. Hakukuwa na toleo la Xbox Series X. Walionunua konsoli mpya walicheza toleo lile lile la PS4 au Xbox One, likibebwa na uwezo wa mashine mpya wa kuendesha gemu za zamani. Matoleo halisi ya kizazi kipya yalikuja Februari 2022. Kwa hiyo anayesema leo kwamba wangezitupa tu mashine za zamani mwezi ule hajaangalia mezani kulikuwa na nini. Kuzitupa hizo kulikuwa kuzitupa konsoli zote. Toleo la zamani ndilo lililokuwa toleo la konsoli, basi.

The Witcher 3 ilivyofanywa

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kampuni hii ilikuwa na jibu sahihi ndani ya nyumba yake. The Witcher 3 ilitangazwa Februari 2013, konsoli za kizazi kile zikiwa PS3 na Xbox 360. Kila moja ya hizo mbili iliishia kuuza zaidi ya milioni 80, kwa hiyo lilikuwa soko la kumtoa mtu mate. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 512 kwa mashine nzima, na kwenye PS3 hata hizo ziligawanywa vyumba viwili. CD Projekt walisema mapema kwamba gemu itakuwa ya PC na konsoli za kizazi kipya, wakaishia hapo. Ilipotoka Mei 2015, PS4 na Xbox One zilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu madukani. Mwenye PS3 hakuipata. Hakudai kurejeshewa pesa pia, maana hakuna aliyezichukua.

Hilo ndilo ninaloliona katika kisa hiki: deni kwa mwenye mashine ya zamani halitokani na umri wa mashine wala na idadi ya waliobaki nayo. Linatokana na kile ulichomuuzia. Studio haimdai mtu wala haidaiwi kwa kutengeneza gemu isiyoingia kwenye konsoli yake. Ikishaandika jina la konsoli hiyo kwenye kasha na kupokea pesa, mjadala wa kama mashine imezeeka umekwisha.

Wiki ile ya Desemba

Wahakiki walipewa nakala za PC kabla ya siku ya kutoka. Za konsoli hawakupewa. Tena katika uhakiki wao wa mwanzo hawakuruhusiwa kutumia video walizorekodi wenyewe. Walitakiwa kutumia zile zilizoandaliwa na kampuni. Mwezi uliotangulia mmoja wa wakurugenzi watendaji, Adam Kiciński, alikuwa amewaambia wawekezaji kwamba kwenye konsoli za kawaida gemu inakwenda vizuri kwa kiasi cha kushangaza ukizingatia ukubwa wa dunia yake. Alama za kwanza zilikuwa za juu, kwa sababu zilikuwa alama za gemu nyingine: gemu ya PC.

Desemba 10 watu wakaweka diski.

Siku nne baadaye kampuni ilikiri kwamba ilipaswa kuwaonyesha wateja gemu ikicheza kwenye PS4 na Xbox One kabla hawajanunua, na kwamba ilipaswa kuzishughulikia zaidi mashine hizo. Ikawaambia wasiotaka kusubiri marekebisho wakaombe pesa zao walikonunua. Siku hiyo hiyo, mbele ya wawekezaji, Kiciński alisema walijikita mno katika kuitoa gemu, wakapuuza dalili zilizoonyesha kwamba konsoli za zamani zinahitaji muda zaidi. Ikajulikana pia kwamba hapakuwa na makubaliano yoyote maalumu na Sony au Microsoft, wenye Xbox, kuhusu kurudisha pesa. Ni utaratibu wa kawaida wa maduka hayo tu. Utaratibu wa kawaida wa Sony wakati ule ulisema ukishaipakua gemu, umeshaipokea, na kwa kawaida pesa hairudi. Mteja akawa mpira kati ya muuzaji na mtengenezaji, mpaka Sony ilipoamua kuiondoa kabisa. Microsoft haikuiondoa, ila ilifungua mlango mpana wa kurudisha pesa na kuweka onyo kwenye ukurasa wa gemu.

Ukiniuliza ni kosa lipi kubwa, sitataja fremu wala majengo ya udongo. Ni zile video. Gemu mbovu kwenye mashine ya zamani ni jambo la kila mwaka. Mnunuzi anaangalia dakika mbili za mtu mwingine akicheza, anatikisa kichwa, anabaki na pesa yake. Hapa hizo dakika mbili zilizuiwa. Katika ile video ya Januari Iwiński alisema majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ambayo wachezaji waliyakuta. Sijui mtu anawezaje kuiwasha PS4 ya kawaida, akaendesha gari mitaa mitatu, asione. Walau alisema jambo moja la kiungwana: lawama zisiende kwa wahandisi, kwa kuwa uamuzi wa kutoa gemu ulikuwa wa bodi, yeye akiwemo.

Njia walizokuwa nazo

Katika uchambuzi wa kisa ni rahisi kuwa mwerevu baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo nitajaribu kubaki na yale yaliyowezekana wakati ule.

Ya kwanza ilikuwa kukataa mapema, kama walivyofanya na The Witcher 3. Baada ya Juni 2019 hiyo ilikuwa imeshapita.

Ya pili ilikuwa kuitoa PC peke yake Desemba na kuzisogeza konsoli mbele kwa miezi kadhaa. Hii sioni kilichoizuia zaidi ya Krismasi. Gemu ilikuwa na oda za mapema milioni 8, na asilimia 59 kati ya hizo zilikuwa za PC. Mapato kutokana na oda hizo yalitosha kufidia gharama zote za kuitengeneza na kuitangaza hadi siku ile. Kampuni yenyewe ilitangaza hivyo. Haikuwa kampuni inayozama iliyolazimika kuuza hata mbao za jahazi. Miaka miwili baadaye Hogwarts Legacy ilitumia njia hii hii bila makelele: Februari 10, 2023 kwa PC na konsoli mpya, Mei 5 kwa PS4 na Xbox One, Novemba 14 kwa Nintendo Switch. Kwenye Switch ukitaka kuingia kijiji cha Hogsmeade unakutana na skrini ya kusubiri ambayo kwenye mashine kubwa haipo. Kila mnunuzi alijua anachonunua, na kila timu ilipata muda wa kuijua mashine yake.

Ya tatu ni kukata viungo. Call of Duty: Black Ops III ilipotoka Novemba 2015, toleo la PS3 na Xbox 360 halikuwa na kampeni, yaani sehemu ya hadithi, kabisa, uliuziwa mchezo wa wengi na mazombi tu, na ulitangaziwa kabla. Watu walinung'unika, na kweli ni nusu gemu. Lakini nusu inayocheza, iliyotangazwa kuwa nusu, ni biashara halali kuliko nzima isiyocheza. Kwa Cyberpunk njia hii ingekuwa ngumu, kwa kuwa hadithi yake na mji wake havitenganishiki. Unakata nini? Magari?

Wanaopinga mashine za zamani husema pia kwamba hata zikitendewa haki zinaibana gemu nzima, kwa sababu mbunifu hawezi kuweka kitu ambacho mashine dhaifu haikiwezi. Kuna ukweli. God of War Ragnarök ilitoka Novemba 2022 kwa PS4 na PS5, na ukiicheza kwenye PS5 unapitapita kwenye nyufa nyembamba na vijia vya kutambaa ambavyo kazi yake kubwa ni kuipa diski muda wa kupumua. PS5 haikuhitaji kupumua. Ila gemu hiyo iliuza nakala milioni 5.1 katika wiki ya kwanza, na sikumbuki wengi waliolia juu ya nyufa. Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, ilikuwepo kwenye PS4 na Xbox One, na mwisho wa mwaka ikabeba tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Ratchet & Clank: Rift Apart ya 2021 ilitolewa kwa PS5 pekee, ikinadiwa kwa milango yake ya kuruka kutoka dunia moja hadi nyingine papo hapo; mwaka 2023 ilipofika kwenye PC, ilikubali kucheza hata kwenye diski ngumu, kwa kusitasita milangoni.

Kwa hiyo naona neno "kurudishwa nyuma" linatumika ovyo. Mashine ya zamani hailizuii wazo, wala hadithi, wala mtindo wa kupigana. Inazuia vitu viwili vitatu mahususi: watu wangapi waonekane kwa pamoja, unakwenda kasi gani, na muda wa kusubiri kati ya mahali na mahali. Gemu ambayo roho yake haiko humo inaweza kuishi kwenye vizazi viwili bila shida. Bahati mbaya ya Cyberpunk ni kwamba roho yake, na matangazo yake yote, vilikuwa humo humo.

Walivyolipa

Kwa upande wa pesa walitoka salama. Hadi Desemba 20, 2020 walikuwa wameuza zaidi ya nakala milioni 13, baada ya kutoa zilizorejeshwa. Kesi ya wawekezaji nchini Marekani iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 1.85, fedha ndogo kwa kampuni ya kiasi hicho. Kilichoanguka ni bei ya hisa, na jina.

Kwa upande wa kazi walilipa muda mrefu. Sasisho kubwa zilifuatana mwaka mzima wa 2021. Juni 21, 2021 gemu ilirudi kwenye duka la PlayStation baada ya miezi sita, na Sony ikaambatanisha onyo: wenye PS4 ya kawaida wanaweza kuendelea kukutana na matatizo, ni heri PS4 Pro au PS5. Sijui gemu nyingine kubwa iliyowahi kurudishwa dukani na mwenye duka akimwambia mteja afikirie mara mbili. Februari 2022 likaja toleo 1.5, na pamoja nalo matoleo halisi ya konsoli mpya, bure kwa aliyekuwa na la zamani.

Septemba 2022 ikatoka 1.6, na hapo wakatangaza kwamba ndilo sasisho kubwa la mwisho kwa PS4 na Xbox One. Nyongeza ya hadithi, Phantom Liberty, ingekuwa ya PC na konsoli mpya tu. Mwezi huo huo mauzo yalivuka milioni 20. Baadhi ya wenye PS4 walikasirika, wakasema wametumika na kuachwa. Katika hili nasimama na studio. Gemu waliyouziwa mwaka 2020 kufikia wakati ule ilikuwa inachezeka. Si kwa uzuri wa PC, lakini inachezeka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Phantom Liberty walikuwa hawajauziwa bado. Walipewa taarifa mwaka mzima kabla, maana nyongeza ilitoka Septemba 26, 2023. Guerrilla, studio ya gemu za Horizon, walifanya vivyo hivyo: Horizon Forbidden West ya Februari 2022 ilikuwa ya PS4 na PS5, nyongeza yake Burning Shores ya Aprili 2023 ikawa ya PS5 pekee. Kutimiza ulichouza, kisha kutangaza mwisho mapema: hapo CD Projekt hatimaye walikumbuka walivyofanya mwaka 2013.

Na ili isionekane kwamba ni vita vya konsoli, katikati ya 2023 walibadilisha mahitaji ya chini ya PC pia. Kuanzia toleo 2.0, SSD ikawa lazima na diski ngumu zikaachwa. Wenye kompyuta za maelfu ya dola ambao gemu zao zilikaa kwenye sahani inayozunguka waliambiwa neno lile lile waliloambiwa wenye PS4.

Halafu Juni 5, 2025 Nintendo Switch 2 ikaingia sokoni, na Cyberpunk 2077 ilikuwepo siku ya kwanza, pamoja na Phantom Liberty, kwenye kadi moja ya gigabaiti 64. Mashine ya kushika mkononi, yenye betri. Nguvu yake ukiipima mbele ya PS5 ni ndogo sana. Lakini ina hifadhi ya kasi na kumbukumbu ya gigabaiti 12, na walioileta gemu pale waliijua mashine wanayoilenga. Safari hii video zilionyeshwa mapema, zikichezwa juu ya mashine yenyewe.

Diski ya 2020 bado inafanya kazi. Ukiiweka kwenye PS4 leo na kupakua masasisho, utapata Night City ya mwishoni mwa 2022: barabara zina watu kiasi, gari linakwenda, na Phantom Liberty haimo wala haitakuwamo. Diski hiyo hiyo ukiichomoa na kuiweka kwenye PS5, inakufungulia toleo la kizazi kipya bila kulipa chochote, mfumo mpya wa polisi na wa ujuzi ukiwemo. Plastiki ni ile ile, na kwenye kasha pameandikwa PS4.